Kutulia Si Kufa: Namna Tabibu Autazamavyo Moyo Baada ya Shambulio

Mtu aliyeshikwa na shambulio la moyo, akawahishwa hospitali, akazibuliwa mshipa wake ulioziba, na maumivu ya kifua yakamwachia, huonekana machoni pa jamaa zake kuwa ni mtu aliyekwisha kuvuka. Nao humshukuru Mungu, hupokea salamu za pole, na huuliza siku ya kurudi nyumbani. Shukrani hiyo ni ya haki, walakini kazi ya tabibu haijesha, kwani mbele yake limesalia swali ambalo kutoweka kwa maumivu hakulijibu: katika moyo huu uliokosa damu kwa saa kadhaa, ni sehemu gani imekufa, ni sehemu gani ingali na nguvu zake, na ni sehemu gani imetulia tu, haifanyi kazi, ilhali uhai wake bado umo? Sura hii inahusu vyombo vilivyobuniwa kulijibu swali hilo, na hasa inahusu kosa moja ambalo vyombo hivyo vimetufundisha kuliepuka, nalo ni kudhani kwamba kila kilichotulia kimekufa.

Swali hili lina uzito kwa sababu ya maumbile ya msuli wa moyo wenyewe. Ngozi ikichanika hufunga, mfupa ukivunjika huunga, na ini likikatwa kipande hukua tena. Lakini msuli wa moyo karibu haurejei kabisa. Mwaka 2009 wataalamu wa Taasisi ya Karolinska ya Stockholm, wakiongozwa na Jonas Frisén, waliipima kasi ya kuzaliwa upya kwa chembe za moyo wa mwanadamu kwa hila ya ajabu. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofanywa angani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalizidisha hewani kaboni ya namna ya pekee, nayo ikaingia katika mimea, ikaliwa na wanyama na watu, ikajiandika ndani ya chembe zilizozaliwa zama zile na zama zilizofuata. Wataalamu wale, kwa kuisoma kaboni hiyo, wakaweza kukadiria umri wa chembe zenyewe. Wakakuta kwamba kijana wa miaka 25 hubadilisha yapata asilimia moja tu ya chembe za msuli wa moyo wake kwa mwaka, na kwamba kwa mzee wa miaka 75 kiasi hicho hupungua hata kisifikie nusu ya asilimia. Pengo la msuli uliokufa, basi, huzibwa na kovu; na kovu lina nguvu ya kushikilia, halina nguvu ya kusukuma. Mgonjwa ataishi kwa kile kilichosalia, na kwa ajili hiyo ni wajibu kukijua kilichosalia.

Mauti ya msuli huo hayaji kwa mkupuo mmoja. Mishipa inayoulisha moyo hupita juu ya uso wake wa nje, kisha huzamisha matawi yake ndani ya ukuta, hata yafike tabaka la ndani kabisa, lile linalopakana na damu iliyojaa katika chumba cha moyo. Ni ajabu ya maumbile kwamba tabaka hilo, ambalo huoga damu usiku na mchana, halinywi humo ila kwa kiasi kidogo mno; riziki yake hutoka nje, nalo ndilo la mwisho kufikiwa, mithili ya konde lililo mwisho wa mfereji, ambalo maji yakipungua hukauka kabla ya makonde yaliyo karibu na chanzo. Mwaka 1977 wataalamu wa Marekani, Keith Reimer na Robert Jennings pamoja na wenzao, walieleza walivyoiziba mishipa ya mioyo ya mbwa kwa muda mbalimbali, wakaona kwamba kifo huanzia tabaka la ndani na kusonga kuelekea nje: mshipa uliofunguliwa baada ya dakika 40 uliacha kifo katika upande wa ndani wa ukuta peke yake, na kadiri ulivyocheleweshwa, kwa saa 3 na kwa saa 6, ndivyo kifo kilivyoukaribia upande wa pili. Hapa ndipo ulipopatikana msingi wa haraka yote ya matabibu wa moyo. Na hapa pia ndipo tulipojifunza kwamba dhara la shambulio halipimwi kwa upana tu, bali kwa unene wa ukuta vilevile, kwani sehemu moja ya moyo yaweza kuwa imekufa robo yake ya ndani, na robo tatu za nje zikawa hai.

Chombo cha kwanza kumwezesha tabibu kuutazama moyo ukitenda kazi, bila ya kisu wala mionzi, kilitoka mahali ambapo mtu asingedhani. Mjini Lund, kusini mwa Sweden, tabibu Inge Edler alikuwa akitafuta njia ya kuzijua vali za moyo wa mgonjwa kabla hajapelekwa kwa mpasuaji, naye mwanafizikia Carl Hellmuth Hertz alikuwa na habari kwamba mafundi wa chuma hupeleka mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio ndani ya chuma, ili mwangwi wake uwafichulie ufa uliojificha. Wakaenda kukitazama chombo cha namna hiyo katika kiwanda cha meli cha Kockums kilichokuwa jirani, mjini Malmö, wakakijaribu, wakatambua kwamba kilichofaa kwa chuma kitafaa kwa moyo. Na mwezi wa Oktoba 1953, kwa chombo walichokopeshwa na kampuni ya Siemens, waliandika michoro ya kwanza ya mwendo wa moyo wa mtu aliye hai. Kutokana na mwangwi ule ndipo kilipozaliwa kipimo ambacho leo wagonjwa wetu wanakiita eko.

Namna kitendavyo kazi si vigumu kuifahamu. Mawimbi hayo huenda ndani ya nyama ya mwili kwa kasi ya yapata mita 1,540 kwa sekunde. Kila yanapokutana na mpaka, kama ule ulio baina ya damu na msuli, sehemu yake hurudi. Nacho chombo huhesabu muda wa kwenda na kurudi, kikauchora umbali wa kila mpaka, mara nyingi kwa kila sekunde, hata taswira ikaonekana ikitembea kama moyo wenyewe utembeavyo. Tabibu aliyezoea kutazama hadanganywi na kule kutembea. Ukuta uliokufa waweza kuvutwa na majirani zake walio hai ukaonekana kana kwamba nao unajongea, lakini hakuna jirani awezaye kuunenepesha. Msuli ulio hai hunenepa unapokaza, na uliokufa hubaki mwembamba, kwa hiyo jicho la mjuzi hutafuta unene kwanza, na mwendo baadaye. Chumba cha chini cha kushoto, ambacho ndicho kiupelekeacho mwili wote damu, kimegawanywa na wataalamu katika sehemu 17, na kila sehemu huhusishwa na mmoja wa mishipa mikuu mitatu inayoulisha moyo. Hivyo sehemu iliyotulia humwelekeza tabibu kwenye mshipa uliokosea.

Eko hutoa pia hesabu ambayo mgonjwa huikuta katika karatasi yake ya majibu, nayo huwatia jamaa hofu isiyo ya lazima. Hesabu hiyo ni sehemu ya damu iliyomo chumbani ambayo hutolewa kwa kila pigo. Anayesoma kwamba moyo wa mzazi wake una asilimia 45 aghalabu hudhani kwamba zaidi ya nusu ya moyo imepotea, naye hulia kama aliyepata habari ya msiba, ilhali moyo wenye siha kamili nao hautoi damu yote; hutoa yapata asilimia 55 hadi 70, na nyingine hubaki humo ikisubiri pigo lifuatalo. Asilimia 45 ni upungufu mdogo, tena waweza kutengenea. Laiti kila karatasi ya majibu ingekuwa na sentensi moja ya kulieleza jambo hili kwa lugha ya mgonjwa, machozi mengi yangezuilika.

Kadhalika eko huyafichua maafa yanayofuata nyuma ya shambulio, ambayo kuchelewa kuyatambua ni sawa na kuyaruhusu yaue: msuli mdogo unaozishikilia kamba za vali ukakatika, na damu ikarudi mapafuni, ukuta wa katikati ukatoboka, na damu ya kushoto ikavuja kuingia kulia, mfuko unaouzunguka moyo ukajaa damu, na moyo ukabanwa usiweze kupanuka, au, katika ncha ya moyo iliyotulia, damu ikaganda na kufanya donge, ambalo kipande chake kikimeguka na kwenda ubongoni humletea mgonjwa kiharusi akiwa katika wiki zile zile anazodhaniwa kuwa amepona. Chombo kinachoweza kusukumwa hadi kando ya kitanda, kisichomwunguza mgonjwa kwa mionzi wala kumtaka anyanyuke, na kikatoa habari zote hizo kwa muda mfupi, kinastahili sifa kubwa kuliko inayopewa.

Hata hivyo eko hujibu swali la mwendo, na swali letu ni la uhai. Kwa miaka mingi maswali hayo mawili yalidhaniwa kuwa ni moja, mpaka mwaka 1982 Eugene Braunwald na Robert Kloner walipotoa bayana kwamba msuli ulionyimwa damu kwa muda, kisha ukarudishiwa, waweza kukaa saa, siku, hata wiki bila ya kukaza, ingawa damu yake imerejea na chembe zake zi hai. Msuli huo umepigwa bumbuwazi. Hauhitaji dawa ya kuufufua, wahitaji muda. Baadaye Shahbudin Rahimtoola aliieleza hali nyingine inayofanana nayo kwa sura na kuhitilafiana nayo kwa sababu: pale ambapo damu haikukatika bali imepungua kwa muda mrefu, msuli hupunguza kazi yake ili ulingane na riziki yake ndogo, ukalala usingizi badala ya kufa. Mbele ya eko ya kawaida wote watatu, aliyekufa, aliyepigwa bumbuwazi na aliyelala, wametulia sawasawa. Na tabibu atakayewahukumu kwa utulivu wao atawazika walio hai pamoja na waliokufa.

Matabibu walitafuta njia za kuwapambanua. Njia moja ni kumtia mgonjwa, polepole na kwa kiasi kidogo, dawa iitwayo dobutamini, ambayo huuchochea msuli ulio hai ukakaza ingawa kwa udhaifu, na kumwacha aliyekufa kama alivyo. Nyingine ni kumdunga kemikali zenye mionzi hafifu, kama vile thali na tekineti, ambazo huingia katika chembe zilizo hai na kuonekana kwa kamera maalumu. Au sukari yenye mionzi, kwa kuwa msuli uliolala huendelea kula sukari hata pale ambapo damu yake ni haba. Njia hizo zote zina manufaa hata leo, lakini taswira zake hazina wembamba wa kutosha kumwonyesha tabibu tabaka la ndani mbali na tabaka la nje, na tulikwisha kuona kwamba siri ya jambo imo katika unene wa ukuta.

Siri hiyo ilifunuliwa na sumaku. Mwaka 1973 Paul Lauterbur, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la New York huko Stony Brook, alionyesha kwamba maji yaliyomo ndani ya kitu, yakiwekwa katika uga wa sumaku wenye nguvu zinazotofautiana toka mahali hadi mahali, na yakaguswa na mawimbi ya redio, hujibu kwa namna inayowezesha kuchorwa taswira. Naye Peter Mansfield wa Nottingham, Uingereza, akaitafutia njia hiyo hesabu na kasi, hata wote wawili wakatunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 2003. Chombo kilichotokana na kazi yao ndicho MRI. Mgonjwa hulazwa ndani ya sumaku ambayo aghalabu nguvu yake ni tesla 1.5, maelfu ya mara kuliko sumaku ya dunia, huambiwa azuie pumzi mara kwa mara, na picha hupigwa kwa kufuata pigo la moyo wake ili moyo usitaharuki mbele ya kamera.

Hatua iliyoleta yakini ni kumdunga mgonjwa dawa yenye madini ya gadolini, kisha kungoja dakika 10 hadi 20 kabla ya kupiga picha. Dawa hiyo haiwezi kupenya ngozi ya chembe iliyo hai. Hupita pembeni mwa chembe, na baada ya muda husafishwa na damu ikaenda zake. Katika msuli uliokufa karibuni, ngozi za chembe zimepasuka, dawa ikapata mlango wa kuingia. Na katika kovu la zamani chembe zimekwisha kutoweka, zikaacha nyuzi nyuzi zenye nafasi kubwa baina yake, dawa ikakawia humo. Hivyo katika picha msuli ulio hai huwa mweusi, na uliokufa hung'aa mweupe, tabaka kwa tabaka, hata tabibu akaweza kusema kwamba sehemu fulani ya ukuta imekufa robo, nusu, au yote. Picha za namna nyingine, zinazopigwa katika ziara hiyo hiyo, huonyesha maji yaliyovimbisha eneo lote lililokosa damu. Na tofauti baina ya eneo lililotishwa na eneo lililokufa ni kipimo cha msuli uliookolewa kwa kufunguliwa mshipa mapema. Pengine ndani ya weupe huonekana doa jeusi, nalo si ishara njema: mshipa mkubwa umefunguliwa, lakini vishipa vidogo vya ndani vimeharibika hata damu haipiti, na wenye doa hilo huhitaji uangalizi zaidi kuliko wenzao.

Thamani ya taswira hiyo ilithibitishwa mwaka 2000, pale Raymond Kim, Robert Judd na wenzao wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, walipowapima wagonjwa 50 kabla ya kurekebishiwa mishipa yao, kisha wakaangalia baadaye ni sehemu zipi zilizorudia kazi. Miongoni mwa sehemu 329 zilizokuwa dhaifu lakini hazina weupe, 256 zilipata nguvu. Na miongoni mwa sehemu 58 ambazo weupe ulizidi robo tatu za unene wake, moja tu ndiyo iliyopata nguvu. Kabla ya matibabu zote zilikuwa dhaifu. Kumbe baadhi zilikuwa na mustakabali na nyingine hazina, na jambo hilo lilijulikana mapema, kwa picha, kabla ya mkono wa mpasuaji.

Ni haki kumtahadharisha msomaji asije akaifanya picha kuwa hukumu ya mwisho. Kama msuli uliolala ungali hai, akili huona ni dhahiri kwamba kuufungulia mishipa kutamrefushia mgonjwa maisha. Lakini utafiti uitwao REVIVED, uliofanywa Uingereza na kutangazwa mwaka 2022, ukiwahusisha wagonjwa 700 waliokuwa na mioyo dhaifu sana yenye msuli ulio hai, ulikuta kwamba waliofunguliwa mishipa kwa katheta, yaani mrija mwembamba upitishwao ndani ya mshipa, pamoja na kupewa dawa hawakupungukiwa na vifo wala kulazwa kwa ajili ya moyo kuliko waliopewa dawa peke yake. Wagonjwa hao walikuwa na maradhi ya muda mrefu, hawakuwa katika saa za kwanza za shambulio, ambapo kufungua mshipa ni jambo lisilo na shaka. Mafunzo yake ni kwamba dawa za leo nazo zina uwezo mkubwa wa kuutunza msuli ulio hai, na kwamba tabibu hutibu mtu mzima, mwenye figo, umri, dalili na matakwa yake, wala hatibu picha. Hata gadolini yenyewe hutumiwa kwa tahadhari kwa mtu ambaye figo zake zimedhoofu sana.

Limebaki jambo la wakati, nalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko vyombo vyote. Moyo uliopigwa picha siku ya pili baada ya shambulio umejaa bumbuwazi. Asilimia ya damu unayoitoa kwa kila pigo ni ndogo kuliko itakavyokuwa, na anayeihukumu hatima ya mgonjwa kwa asilimia hiyo anahukumu kabla shahidi hajamaliza kusema. Kuna chombo kidogo kinachopandikizwa kifuani ili kiushtue moyo unapoanza kutetemeka ovyo, na kimeokoa maisha ya wengi ambao mioyo yao imebaki dhaifu. Lakini utafiti uitwao DINAMIT, uliotangazwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba kukipandikiza ndani ya siku 40 za kwanza hakukupunguza jumla ya vifo. Kwa hiyo miongozo humtaka tabibu angoje siku zisizopungua 40, ampe mgonjwa dawa zinazostahili, kisha aupime moyo upya. Na ikiwa asilimia ingali 35 au chini yake, ndipo azungumze naye juu ya chombo hicho.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki picha ya moyo kwa MRI bado ni adimu, na gharama yake ni nzito kwa watu wengi. Eko ipo katika hospitali kubwa, na katika taasisi kama ile ya moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam ni kazi ya kila siku. Kwa kuwa msuli uliopigwa bumbuwazi huamka na uliokufa hauamki, eko mbili zilizotenganishwa na wiki kadhaa humwambia tabibu sehemu kubwa ya yale ambayo sumaku ingemwambia kwa siku moja: sehemu iliyokuwa imetulia mwanzo na sasa inanenepa ilikuwa hai tangu hapo, na iliyozidi kuwa nyembamba ni kovu. Ni eko hiyo ya pili ambayo wagonjwa huikosa zaidi, mmoja kwa kuwa anajiona mzima, mwingine kwa kuwa aliisikia asilimia ya mwanzo akakata tamaa, na wote wawili wamelijibu swali kabla ya wakati wake. Nao huacha nyuma yao maswali yenye majibu: kama donge lililoonekana katika ncha ya moyo limeyeyuka, ili dawa ya kuzuia damu kuganda isimamishwe, kama dawa za moyo zimefaa au ziongezwe, kama kile chombo cha kifuani kinahitajika au hakihitajiki. Tabibu anayemruhusu mgonjwa kwenda nyumbani na amwandikie tarehe ya kipimo hicho katika karatasi ile ile ya dawa, amweleze sababu yake kwa maneno anayoyafahamu. Na mwenye mgonjwa aishike tarehe hiyo kama anavyoishika saa ya dawa, kwani ni sehemu ya matibabu, na bila ya hiyo uhai uliomo ndani ya msuli uliotulia hautajulikana wala hautatunzwa ipasavyo.